Filamu za mapigano kwa macho ya steringi mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpenzi wa muvi za mapigano akikutana kwa mara ya kwanza na filamu ambayo kamera imekaa kichwani mwa steringi tangu mwanzo hadi mwisho, maswali yake huwa ni yaleyale. Hapa yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayozua ubishi. Unaweza kusoma swali moja ukaondoka. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa pa kulikuta.

## Mambo ya msingi

Filamu ya namna hii ni ipi hasa?

Ni filamu ambayo kila unachokiona ndicho anachokiona mhusika mkuu. Kamera imeshika nafasi ya macho yake. Akigeuka, picha inageuka. Akianguka, ardhi inakujia usoni. Akipigana, unaona mikono yake miwili na ngumi ya adui inayokuja. Yeye mwenyewe humwoni, labda apite mbele ya kioo.

Filamu nyingi za kawaida hutumia mbinu hii kwa sekunde chache tu: mdunguaji anachungulia kwenye darubini ya bunduki, dereva anaona lori likimjia. Hapa tunazungumzia zile zilizothubutu kukaa humo filamu nzima, au karibu nzima, na hasa zile za mapigano.

Si ndiyo zilezile ambazo mhusika ameshika kamera anajirekodi?

Hapana, ingawa watu huzichanganya sana. Katika The Blair Witch Project (1999), REC (2007) au Cloverfield (2008), kamera ni kitu kilichomo ndani ya hadithi. Wahusika wanajua inarekodi, inaweza kudondoka, betri inaweza kuisha, na mtu anaweza kupiga kelele, "Zima hiyo kamera!"

Katika filamu tunazozizungumzia hakuna kamera ndani ya hadithi. Kuna macho tu. Tofauti hiyo inaonekana kubwa zaidi kwenye mapigano: aliyeshika kamera amebakiwa na mkono mmoja, kwa hiyo kazi yake ni kukimbia na kutetemeka. Mwenye kamera kichwani ana mikono yote miwili. Anaweza kupanda ukuta, kujaza risasi, kumkaba mtu. Ndiyo maana filamu za kamera ya mkononi zimeishia zaidi kwenye hofu, na za kamera ya kichwani zikaenda kwenye ngumi na bunduki.

Nianze na ipi?

Hardcore Henry, bila kusita. Ni ya mwongozaji Mrusi Ilya Naishuller, ina urefu wa kama dakika 96, na sehemu kubwa ilipigwa Moscow. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto mwezi Septemba 2015, katika kitengo cha filamu za usiku wa manane, ikachukua tuzo ya watazamaji ya kitengo hicho. Majumba ya sinema ya Marekani yaliipata Aprili 2016. Ndiyo filamu iliyochukua wazo hili na kulipeleka hadi mwisho wa barabara, kwa hiyo maswali mengi hapa chini yanaihusu.

Kama huvumilii damu, au tumbo lako halipendi picha zinazoyumba, soma kwanza majibu ya sehemu ya watazamaji.

Mbinu yenyewe ni mpya?

Ni ya zamani kuliko sauti kwenye sinema. Mwongozaji Mfaransa Abel Gance alikuwa akiihangaikia kamera itoke kwenye miguu yake mitatu alipotengeneza filamu yake kuhusu Napoléon, iliyotoka 1927. Mwaka 1931 Rouben Mamoulian alifungua Dr. Jekyll and Mr. Hyde kwa macho ya daktari mwenyewe, na mtazamaji hauoni uso wake mpaka anaposimama mbele ya kioo.

Jaribio la kwanza kubwa la filamu nzima ni Lady in the Lake ya 1947, kutoka studio ya MGM. Robert Montgomery aliiongoza na kuigiza kama mpelelezi Philip Marlowe. Waigizaji wengine wanazungumza wakikutazama wewe machoni. Moshi wa sigara unapita mbele ya lenzi, ngumi inakuja, busu linakuja. Matangazo yake yalimwambia mtazamaji kwamba anaigiza pamoja na Montgomery. Wazo lilikuwa la kijasiri, lakini kamera za studio za wakati ule zilikuwa mizigo mizito, hivyo Marlowe anatembea na kugeuka taratibu mno. Mapigano hayawezi kusubiri shingo ya namna hiyo. Ilibidi miongo ipite mpaka kamera iwe ndogo kiasi cha kuvaliwa.

## Ndani ya Hardcore Henry

Wazo lilianzia wapi?

Kwenye muziki. Naishuller ana bendi ya roki iitwayo Biting Elbows, na mwaka 2011 na 2013 alitengeneza video mbili za nyimbo zao zilizopigwa kwa macho ya mtu anayekimbia, kupigana na kufyatua risasi. Ile ya 2013 ilisambaa sana mtandaoni. Mtayarishaji Timur Bekmambetov, mzaliwa wa Kazakhstan aliyekwishafanya filamu Urusi na Hollywood, aliiona akamtaka aifanye filamu kamili. Naishuller alisita mwanzoni; aliogopa kwamba kinachopendeza kwa dakika tano kingechosha kwa saa moja na nusu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na nadhani ndiyo iliyoisaidia filamu, kwa sababu kila baada ya dakika chache kuna mahali papya, silaha mpya au mtindo mpya wa kukimbizana. Fedha za kumalizia kazi baada ya upigaji picha, zaidi ya dola 250,000, zilichangwa na watu mtandaoni kupitia Indiegogo.

Henry ni nani, na mbona haongei hata neno moja?

Henry anazinduka maabara bila kumbukumbu. Mwanamke anayejitambulisha kuwa mke wake, Estelle (Haley Bennett), anamfungia mkono na mguu wa bandia. Kabla hajawekewa sauti, jambazi mwenye nguvu za ajabu aitwaye Akan (Danila Kozlovsky) anavamia na watu wake. Kwa hiyo Henry anabaki bubu filamu nzima, kwa sababu iliyomo ndani ya hadithi.

Ni uamuzi wa akili sana. Sauti ya mtu mwingine ikitoka "kinywani mwako" inakukumbusha kila mara kwamba huyo si wewe. Robert Montgomery wa Lady in the Lake (tazama "Mbinu yenyewe ni mpya?") alikwama hapo mwaka 1947: Marlowe anaongea sana, na kila akifungua mdomo unasikia mwigizaji kasimama nyuma ya kamera. Ukimya wa Henry unakuachia nafasi ya kuingia.

Lakini filamu isiyo na uso wala sauti ya steringi lazima ipate moyo mahali pengine, na hapo anaingia Sharlto Copley wa Afrika Kusini. Anacheza Jimmy, mtu anayekufa na kurudi tena na tena, kila mara na mavazi na tabia tofauti: mara mlevi, mara mwanajeshi. Sababu inaelezwa ndani ya filamu na sitaimwaga hapa. Copley ndiye anayecheka, anayelia, anayeimba na kucheza dansi. Kihisia, filamu inamtegemea yeye kwa kiasi kikubwa.

Henry anaigizwa na nani?

Na watu wengi, zaidi ya kumi. Waliovaa kamera ni wapigapicha na watu wa stanti, yaani wale wanaofanya matendo ya hatari kwenye filamu, waliopokezana kulingana na kazi ya siku: wa kuruka, wa kupanda, wa kupigana, wa kuanguka. Naishuller mwenyewe alivaa baadhi ya siku. Mmoja wa waliobeba mzigo mkubwa ni Sergey Valyaev, ambaye pia alishiriki kutengeneza kifaa cha kichwani. Kwa kuwa uso hauonekani, kubadilishana ni rahisi ilimradi mikono, mavazi na tatuu vifanane.

Jambo hili limebadili kazi ya mtu wa stanti. Kwa kawaida anafichwa: kamera ikimwona usoni, picha imeharibika. Hapa yeye ndiye kamera. Akitazama chini kwa bahati mbaya wakati adui yuko kushoto, hakuna picha. Anatakiwa awe na mwili wa mwanasarakasi na jicho la mpigapicha kwa wakati mmoja, na watu wa namna hiyo ni wachache popote duniani.

Walitumia kamera gani?

GoPro Hero 3 Black, kamera ndogo za kibiashara ambazo mtu yeyote angeweza kununua dukani, zilizofungwa kwenye kofia maalumu iliyoshika uso na kichwa ili zisichezecheze. Jinsi zilivyokaa na kwa nini, tazama "Kwa nini kamera haiwekwi hasa mbele ya macho?"

Ilipata faida?

Inategemea unamuuliza nani. Bajeti ilitajwa kuwa kama dola milioni 2. Baada ya shangwe za Toronto, kampuni ya STX Entertainment iliinunua kwa takriban dola milioni 10. Majumba ya sinema dunia nzima yaliingiza kama dola milioni 16, na sehemu ya fedha hizo hubaki kwa wenye majumba. Walioitengeneza walifanya biashara nzuri. Walioinunua na kuitangaza hawakupata walichotarajia.

Kuna sehemu ya pili?

Haijatoka. Naishuller alirudi kwenye kamera ya kawaida na kuongoza Nobody (2021), kisha Heads of State (2025) yenye Idris Elba na John Cena.

## Zinavyotengenezwa

Kwa nini kamera haiwekwi hasa mbele ya macho?

Sababu ya kwanza ni usalama. Ukimzibia macho mtu anayetakiwa kuruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, unamtafutia kifo. Kamera hushushwa kidogo, kwenye usawa wa pua au mdomo, macho yabaki wazi.

Sababu ya pili ni mikono. Jaribu sasa hivi: tazama mbele yako, kisha nyoosha mikono kama umeshika bastola. Macho yako yanaiona mikono kwa sababu yana upeo mpana sana, na akili inachagua cha kuzingatia. Lenzi haina akili hiyo. Ikikaa juu kwenye paji la uso, inaona ukuta wa mbele na vidole vimekatwa chini ya fremu. Ikishuka, mikono inaingia vizuri, na mikono ndiyo mwili wote alio nao mhusika. Kwa hiyo watu wa stanti hupigana wameinua mikono juu zaidi kuliko kawaida, karibu na kidevu. Ukiwatazama kutoka pembeni wanachekesha; ukitazama kupitia kamera, ni sawasawa kabisa.

Ngumi zinaonekanaje kuwa za kweli?

Hapa ndipo mbinu hii ina faida ambayo wengi hawaijui. Katika pigano la kawaida la sinema, ngumi haimgusi mtu. Inapita sentimita kadhaa mbele ya uso, na kamera inawekwa upande ambao pengo halionekani. Kamera ya kichwani inalificha pengo lenyewe: ngumi ya steringi inaondoka kuelekea mbele, uso wa adui uko nyuma yake kwenye mstari uleule, na mtazamaji hawezi kupima umbali uliobaki.

Ugumu uko kwenye kupigwa. Adui hawezi kuigonga lenzi. Anasimamisha ngumi karibu nayo, na aliyevaa kamera anatikisa kichwa kwa wakati sahihi kabisa, kwa upande sahihi, kisha anamrudia adui kwa macho mara moja. Akiwahi, anaonekana anakwepa. Akichelewa, ngumi imekuwa hewa. Sauti hukamilisha kazi baadaye.

Lenzi pana ina tabia nyingine: inavisukuma vitu mbali. Mtu aliye hatua mbili mbele anaonekana yuko hatua nne. Ndiyo maana katika filamu hizi maadui husogea karibu mno, na ngumi inaonekana ndogo, ndogo, kisha ghafla inajaza kioo chote.

Filamu nzima inapigwa bila kukata?

Hapana. Mikato ipo mingi, ila imefichwa. Kichwa kinapogeuka kwa kasi, picha inakuwa ukungu kwa sehemu ya sekunde. Hapo panafaa kuunganisha vipande viwili vilivyopigwa siku tofauti. Vivyo hivyo moshi ukijaa, mwili ukibanwa ukutani, mhusika akipita kwenye giza la ngazi au akizimia. Hardcore Henry pia hukata wazi wazi pale macho ya bandia ya Henry yanapopata hitilafu, na hadithi inaruhusu hilo kwa sababu yeye ni nusu mashine.

Usichanganye na filamu za shoti moja. Russian Ark ya Alexander Sokurov (2002) ilipigwa kweli kwa mkupuo mmoja, karibu dakika 90, ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage huko Saint Petersburg, na inaonekana kwa macho ya msimuliaji asiyeonekana. Ni kazi kubwa mno, lakini hakuna anayerusha teke.

Mbona picha nyingine zinatikisika ovyo na nyingine hazitikisiki?

Kichwa cha mtu anayekimbia hurukaruka sana. Sisi hatuoni kurukaruka huko kwa sababu macho yenyewe hucheza ndani ya fuvu kuisawazisha picha. Kamera iliyofungwa kwenye kofia haina huruma hiyo. Tena kamera ndogo nyingi husoma picha mstari kwa mstari kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo mtikisiko mkali hufanya picha nzima icheze kama uji wa moto kwenye bakuli. Dawa ni kofia inayobana sawasawa, kifaa cha kutuliza, programu ya kusawazisha wakati wa uhariri, na zaidi ya yote mvaaji aliyefundishwa kukimbia akiwa ametuliza shingo.

Mhusika akijitazama kwenye kioo, kamera inafichwa wapi?

Kuna njia kadhaa. Ya kale ni kupanga kioo kwa pembe inayomleta mwigizaji na kuitoa kamera nje. Nyingine ni kutokuwa na kioo kabisa: unatoboa ukuta, unajenga chumba cha pili kilichogeuzwa, na mwigizaji anasimama upande wa pili akifuata miondoko ya mikono iliyo mbele ya kamera. Siku hizi kamera hufutwa kwa kompyuta. Maniac ya 2012, iliyoongozwa na Franck Khalfoun, ni ya hofu na si ya mapigano, lakini itazame kwa ajili ya vioo peke yake: Elijah Wood anaonekana karibu kwa vioo tu, na kila kioo kina kazi katika hadithi.

Sauti inashughulikiwa vipi?

Kwa uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Unasikia pumzi yake, nguo zikikwaruzana, damu ikigonga masikioni, mlio mwembamba baada ya bomu. Ukizima sauti ya filamu hizi kwa dakika moja, utashangaa: picha inageuka kuwa kamera inayotembea, na mtu aliyekuwa ndani yake anatoweka.

## Kwa watazamaji

Kwa nini nasikia kichefuchefu, na nifanye nini?

Macho yako yanaiambia akili kwamba unakimbia na kupinduka. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo na msawazo wa mwili, linasema umekaa kwenye kiti. Taarifa hizo mbili zikigongana, baadhi ya watu hupata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Ni tatizo lilelile la kusoma simu ndani ya basi linalopinda milimani, ila limegeuzwa: pale mwili unakwenda na macho yametulia.

Kaa mbali na kioo. Washa taa ya chumbani ili pembeni mwa macho yako uone vitu vilivyotulia. Televisheni ndogo ni afadhali kuliko kioo kikubwa, na kwenye ukumbi chagua viti vya nyuma. Usianze ukiwa na njaa kali wala umeshiba sana. Dalili zikianza, usijilazimishe kutazama. Fumba macho au tazama kitu kisichosogea, pumzika, urudi baadaye. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo, muulize mfamasia kwanza, maana nyingine zinaleta usingizi.

Watoto wanaweza kutazama?

Hardcore Henry hapana. Uingereza iliiwekea miaka 18, na inastahili. Damu ni nyingi, kuna matukio ndani ya danguro, na kuona mauaji kwa macho ya muuaji kuna uzito wake, tofauti na kuyaona kutoka pembeni. Mtu mzima anaweza kupima. Mtoto anajikuta mikono ile ni yake.

Si gemu tu hii?

Undugu upo na hakuna haja ya kuuficha. Doom ya 2005, iliyotokana na gemu la jina hilo, ina kipande cha dakika kama tano ambacho mhusika wa Karl Urban anapita kwenye korido akipiga kila kinachotokea, kwa macho yake. Kilikuwa heshima ya wazi kwa wachezaji.

Lakini kwenye gemu wewe unaamua ugeuke wapi, na ukiona mlango unaweza kuurudia. Kwenye filamu shingo yako imeshikwa na mtu mwingine. Mwongozaji mzuri anajua utataka kutazama wapi na anakupeleka huko nusu sekunde kabla hujachoka. Mwongozaji mbaya anakuonyesha sakafu wakati wewe unataka kujua nani amepiga kelele nyuma. Ukisikia mtu anasema filamu hizi zinamchosha, mara nyingi amekutana na huyo wa pili.

Kwenye kibanda umiza filamu hizi zinapendwa?

Nikitazama Hardcore Henry naona inafaa sana kusimuliwa. Mashabiki waliokulia kwenye picha zilizoingizwa sauti za wasimuliaji kama Lufufu hapa Tanzania au DJ Afro kule Kenya wanajua jinsi msimuliaji anavyompa kila mtu jina, tabia na maneno ambayo hakuyasema. Steringi bubu, asiye na uso, anayekimbia jijini kwa dakika 90, ni uwanja mtupu kwa msimuliaji: anaweza kumpa mawazo, hofu na matusi ya Kiswahili bila kugongana na mdomo wa mwigizaji yeyote. Tatizo ni kioo na wingi wa watu. Aliyekaa benchi la mbele, pua kwa televisheni, ndani ya joto, ndiye wa kwanza kutoka nje kutafuta hewa. Tazama swali la kichefuchefu.

Kwa nini filamu hizi ni chache hivyo?

Kwa sababu ya uso. Nafasi ya kwanza kwenye bango la filamu ni ya uso wa steringi. Ndiyo inayouza tiketi. Mwigizaji mkubwa analipwa mamilioni ili aonekane, na hapa unamwambia asionekane. Ukiacha biashara, uso ndio unaotuambia steringi anaogopa, amechoka, amependa. Ngumi haina maana kama hatujui inamuuma nani. Filamu ikishaondoa uso, lazima ilipe deni hilo kwa njia nyingine, na nyingi hazina cha kulipa isipokuwa risasi zaidi.

Naamini kabisa kwamba deni hilo linalipika. Dark Passage ya Delmer Daves (1947) ililipa kwa sababu ya hadithi: tunaona kwa macho ya mfungwa aliyetoroka kwa sehemu ndefu ya mwanzo, mpaka anapofanyiwa upasuaji wa sura, na bandeji zinapotoka tunaupata uso wa Humphrey Bogart. Kuficha uso kulikuwa na sababu. Nickel Boys ya RaMell Ross (2024), ambayo si ya mapigano, ililipa kwa kutupa macho ya vijana wawili marafiki: mmoja anapomtazama mwenzake, tunapata uso tulioukosa. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Natamani mwongozaji wa mapigano aichukue njia hiyo, steringi wawili wanaolindana migongo, kila mmoja akiuona uso wa mwenzake katikati ya vita.

## Ukitaka kupiga yako

Naweza kutumia simu?

Ndiyo, na lenzi yake pana inatosha kuanzia. Usiishike mkononi, ifunge kwenye kofia ngumu au mkanda wa kifuani ili mikono yote miwili ibaki huru. Ya kifuani inatulia zaidi na inaonyesha mikono vizuri, ila haiwezi kuinama na kugeuka kama kichwa. Waambie waigizaji wakutazame kwenye lenzi yenyewe. Wakitazama macho yako badala ya lenzi, mtazamaji ataona wanaongea na mtu aliyesimama juu yake. Fanyeni mazoezi ya pigano polepole mpaka kila mtu ajue zamu yake, kisha ongezeni kasi.

Tahadhari zipi?

Silaha za kweli zisikaribie eneo, hata zisizo na risasi. Bunduki ya kuchezea ikionekana mtaani inaweza kuleta polisi au watu wenye hasira, kwa hiyo serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha karibu wajue mapema. Vibali vya kupiga filamu Tanzania vinasimamiwa na Bodi ya Filamu. Ulizia kabla ya kuanza. Usiendeshe bodaboda ukiwa na kamera inayokuzibia macho, hata barabara ikiwa tupu. Na wakati wote awepo mtu mmoja asiyeigiza, ambaye kazi yake ni kumwangalia mvaaji wa kamera tu.

## Maswali ya mpakani

Filamu ikitoka kwenye macho ya mhusika katikati, bado inahesabika?

Kwa wanaohesabu kwa ukali, hapana. Mimi naitazama nia. The Villainess ya Jung Byung-gil kutoka Korea Kusini (2017) inaanza kwa macho ya mtu anayewafyeka wanaume kwenye korido moja baada ya nyingine. Hatumjui ni nani. Kisha kichwa chake kinabamizwa kwenye kioo, na hapo hapo kamera inatoka nje ya mwili wake: tunaona ni mwanamke, na pigano linaendelea kwa kamera ya kawaida. Filamu iliyobaki si ya nafsi ya kwanza, lakini dakika zile za mwanzo zimeutumia uso vizuri kuliko filamu nyingi nzima. Ukiunda orodha yako, iweke.

Strange Days ya Kathryn Bigelow (1995) nayo ni ya mpakani. Inaanza na ujambazi ulioonekana kwa macho ya mwizi mmojawapo, akikimbia juu ya paa hadi anaanguka, na ilibidi itengenezwe kamera nyepesi maalumu. Ndani ya hadithi, hiyo ni kumbukumbu ya mtu iliyorekodiwa na kuuzwa. Kwa hiyo ni macho, na ni rekodi pia.

Na ile inayoonekana kwa macho ya mzimu?

Presence ya Steven Soderbergh, iliyoonyeshwa kwanza kwenye tamasha la Sundance mwaka 2024, inakaa muda wote kwenye macho ya roho iliyomo ndani ya nyumba, na Soderbergh mwenyewe ndiye aliyebeba kamera. Ni nafsi ya kwanza kamili. Si ya mapigano, maana mzimu hauna mikono ya kuonyesha.

Steringi hafi. Lakini akifa, filamu inaendeleaje?

Kwenye filamu ya kawaida, kamera inabaki na walio hai. Hapa macho yakifumba, hakuna kamera nyingine, kwa hiyo watengenezaji wengi wa mapigano hutumia kuzimia badala ya kifo: giza, kimya, kisha mwanga wa taa za hospitali au uso wa rafiki. Hardcore Henry inafanya hivyo zaidi ya mara moja, na kwa kuwa Henry anatumia betri, ana sababu ya ziada ya kuzimika na kuwashwa.

Aliyelikabili swali hili moja kwa moja ni Gaspar Noé katika Enter the Void (2009). Tunaanza kwenye macho ya kijana anayeuza dawa za kulevya Tokyo, hata kupepesa kwake kunaonekana. Polisi wanampiga risasi chooni. Kamera haizimiki: inautoka mwili, inautazama kutoka juu, kisha inaruka juu ya jiji kuwafuata aliowaacha kwa muda wote uliobaki, ambao ni mrefu. Ni filamu nzito ya watu wazima, na mianga yake inayomemeteka ni hatari kwa wenye kifafa. Hadi sasa sijaona filamu ya mapigano iliyothubutu kumuua steringi wake mapema namna hiyo na kubaki ndani ya macho yake.